Helikopta za Rimoti Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hitilafu na Kuanguka

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watu wanaotufuata kila Jumapili asubuhi kwenye kipande cha shamba la zamani la mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga, tunakorushia helikopta zetu. Mengine huulizwa na wanaoanza, mengine na watu waliokwisha kuangusha mara tatu na sasa wanataka kujua kwa nini. Majibu yanahusu zaidi helikopta za umeme zenye mapanga yanayobadilisha mwinamo, yaani pembe ambayo panga hukatia hewa. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nambari ya swali imetajwa ili tusirudie maneno.

## Mambo ya msingi

1. Nambari kama 450, 600 na 700 zina maana gani, na ndogo haina hatari?

Ni madaraja ya ukubwa. Katika madaraja makubwa nambari hukaribiana na urefu wa panga moja kwa milimita, yaani helikopta ya 600 hubeba mapanga ya milimita 600 hivi, na ya 700 mapanga ya karibu milimita 700. Ile ya 450 imebaki jina tu, kwa kuwa mapanga yake huwa ya milimita 325 hivi.

Kuhusu hatari, udogo usimdanganye mtu. Helikopta ya 450 ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ncha ya panga husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 380 kwa saa, na nguvu inayolivuta kila panga litoke kitovuni huzidi kilo 60. Huo ni zaidi ya mfuko mzima wa saruji, umening'inizwa kwenye skrubu moja ambayo ukiiangusha mchangani huioni tena. Karibu kila jibu katika ukurasa huu linatokana na hesabu hiyo.

2. Kwa nini helikopta huvunjika zaidi kuliko ndege ya mabawa?

Ndege ya mabawa ikizimika mota huendelea kuteleza hewani, na rubani hupata muda wa kutafuta pa kuiweka. Helikopta hubebwa na mnyororo wa sehemu ndogo zinazofuatana, kuanzia gia, shafti kuu, kitovu, vishikio vya mapanga, sahani inayoinama chini ya kitovu, sevo tatu (mota ndogo zinazotii rimoti) zinazoisukuma, hadi mkia wenye mfumo wake kamili, na nyingi kati ya hizo hazina mbadala zikigoma hewani. Isitoshe, hata helikopta iliyoanguka kutoka kimo cha magoti huumia vibaya, kwa sababu kinachoivunja ni nishati iliyomo katika mapanga yanayozunguka, si kimo cha kuanguka.

3. Ni kweli kwamba ajali nyingi husababishwa na hitilafu ya chombo?

Kwa tunayoyaona uwanjani kwetu, hapana. Mtu aliyeangusha helikopta husema sevo imegoma, kama vile dereva wa daladala anavyosema breki zimefeli. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba helikopta ilimgeuzia pua, kushoto kukawa kulia, naye akasukuma kijiti upande usio wake. Hilo ni kosa la kawaida wala halina aibu. Aibu iko katika kuisingizia sevo, kwa sababu mtu huyo atabadilisha sevo nzima na kuangusha tena Jumapili inayofuata. Namna ya kutofautisha hitilafu ya kweli na kosa la mkono imeelezwa katika swali la 14.

## Kabla ya kuruka

4. Nikague nini kila mara kabla ya kuunganisha betri?

Anza na mapanga. Inua helikopta, ilaze ubavu hewani huku mapanga yakiwa yamenyooka, na uangalie kama yanabaki mahali pake kwa uzito wake lakini yanashuka ukiitikisa kidogo. Yakianguka mara moja, bolti zimelegea. Yasiposhuka hata ukitikisa, umezikaza mno, na panga halitaweza kujinyoosha lenyewe linapozunguka, hivyo helikopta itatetemeka.

Kisha vuta kwa vidole kila kikombe cha plastiki kinachokaa juu ya kigololi chake, kwenye vijiti vyote vinavyotoka kwenye sevo kwenda kwenye sahani na kwenye mapanga. Kikombe kizima hukataa kutoka, na kilichochoka hutoka kirahisi kama kifuniko cha kalamu. Zungusha kitovu polepole kwa mkono, sikiliza gia mzunguko mzima, kwa sababu jino moja lililokatika linasikika mara moja tu katika kila mzunguko na ni rahisi kulikosa. Mwisho vuta betri: isisogee hata kidogo.

5. Helikopta yangu mpya ilijipindua sekunde ile ile ilipoacha ardhi. Kipuri gani kimeharibika?

Huenda hakuna kilichokuwa kibovu kabla ya hapo. Kompyuta ndogo inayoituliza helikopta, ambayo ndani yake mna jairo, yaani kihisi cha mzunguko, imewekewa mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo kila mara helikopta inapoinama, kompyuta hiyo huzidisha kuinama badala ya kurekebisha. Binadamu hawezi kuwahi kosa hilo kwa vidole.

Uchunguzi wake huchukua dakika moja, mota ikiwa imechomolewa waya. Washa rimoti na betri, shika helikopta mkononi, kisha uinamishe mbele kwa haraka: sahani lazima iinamie nyuma. Ilaze kulia, nayo sahani ielekee kushoto. Halafu geuza pua upande mmoja na uangalie kama mapanga ya mkia yanabadilisha mwinamo kwa namna ileile ambayo yangefanya kama ungesukuma kijiti kurudisha pua ilikotoka. Jambo moja tu likienda kinyume, helikopta haitoki mezani. Rudia uchunguzi huu kila unapobadilisha sevo au unapogeuza jinsi kifaa hicho kilivyobandikwa.

6. Gundi ya kufungia skrubu itiwe wapi?

Kila mahali chuma kinapoingia kwenye chuma, tone moja dogo, na iwe ile ya nguvu ya kati ambayo kwa kawaida huwa ya rangi ya buluu. Isitiwe kwenye plastiki, kwa kuwa huipasua. Helikopta nyingi zinazouzwa zikiwa zimeshafungwa kiwandani zinahitaji kufunguliwa na kutiwa gundi upya. Kazi hiyo ni ya jioni mbili, na anayeiruka huilipia kwa vipuri.

7. Hewa ya bahari huathiri nini hasa?

Beringi kwanza. Helikopta moja ina beringi zaidi ya ishirini, nyingi ndogo kuliko shilingi, na chumvi huzila kimyakimya. Tulio karibu na bahari tunaziona zimeanza kukwaruza ndani ya miezi michache, hasa kwa wanaopenda kurushia Raskazone kwa sababu ya mandhari. Itoe beringi, ichomeke kwenye ncha ya kalamu na uizungushe kwa kidole karibu na sikio: nzima huteleza kimya, na iliyoanza kutu hutoa sauti ya mchanga. Baada ya kuruka pwani, futa shafti na skrubu kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na uhifadhi chombo ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mchanga nao una visa vyake. Punje nyeusi za chuma zilizomo mchangani huvutwa na sumaku za mota na kukwangua ndani kwa ndani, ndiyo maana hatunyanyuki kutoka mchangani bila kutandika mkeka au kipande cha turubai kilichowekewa mawe pembeni.

## Hitilafu hewani

8. Mkia ulianza kuzunguka kwa kasi, nikashindwa kuuzuia. Ilikuwa nini?

Mapanga makubwa yakisukumwa upande mmoja, kiwiliwili hutaka kugeuka upande wa pili, na kazi ya pangaboi la mkia ni kukizuia. Helikopta nyingi za rimoti huzungusha mapanga kwa mwelekeo wa saa ukizitazama kutoka juu, kwa hiyo mkia ukifa pua hukimbilia kushoto. Mzunguko wa ghafla na mkali kuelekea upande huo humaanisha mkia haupati nguvu tena: mkanda umekatika au umeruka meno, shafti ya ndani ya bomba la mkia imechomoka, au gia ya mkia imenyolewa. Ikiwa pua inaelea polepole bila kuzunguka, tafuta kwenye sevo ya mkia na kijiti chake.

Cha kufanya ni kukata mota kwa swichi ya dharura iliyopo kwenye rimoti. Wengi huongeza nguvu kwa hofu, na kadiri mota inavyosukuma ndivyo kiwiliwili kinavyozidi kuzunguka. Ukiikata, msukumo hupotea, mzunguko hupungua, na unabaki na kazi iliyoelezwa katika swali la 10.

9. Mkia hautulii, unatikisika kushoto na kulia kwa haraka.

Punguza kwanza ukali wa jairo kwa hatua ndogo. Ikiwa mtikisiko haukomi, chomoa kijiti cha mkia kwenye sevo yake na ukisukume taratibu kwa kidole: ukisikia mahali panapokwama, hapo ndipo penye ugonjwa, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoutibu.

10. Mota ikizima hewani, helikopta inaweza kuokolewa?

Inaweza, na ndiyo sababu ndani ya gia kuu kuna beringi inayoshika upande mmoja tu, ili mapanga yaendelee kuzunguka mota inaposimama. Ufundi huo huitwa otoroteshini. Unapokata mota, shusha mwinamo wa mapanga hadi chini kidogo ya sifuri. Hewa inayopanda kutoka chini huyazungusha helikopta inaposhuka, na hivyo huhifadhi nishati. Endelea na mwendo wa mbele, inua pua ukikaribia ardhi ili kupunguza kasi, kisha toa mwinamo wa juu mara moja tu, karibu na nyasi. Nishati hiyo haitoshi mara mbili. Anayeitumia akiwa kimo cha mnazi hushuka kama jiwe kwa umbali uliobaki.

Kimo kigumu ni kile cha kati, helikopta ikiwa imesimama hewani mita nne au tano bila mwendo, kwa kuwa hakuna kasi ya kugeuza kuwa nishati wala nafasi ya kuipata. Wanafunzi hupenda sana kukaa hapo wakipigwa picha.

Sababu za kuzima huwa chache: kidhibiti mwendo cha mota, kile tunachokiita ESC, kimepata joto au kimekata umeme kwa kuwa betri imeisha, skrubu ya gia ndogo ya mota imelegea, au plagi ya betri imechomoka. Kwa betri, weka saa ya kukuamsha kwenye rimoti na utue kila seli ikiwa na volti 3.7 hadi 3.8 baada ya kupumzika. Kusubiri ESC ikuambie betri imeisha ni kungoja habari ukiwa tayari unaanguka.

11. Helikopta "ilipoteza fahamu" kidogo, ikarudi. Niendelee kuruka?

Hapana, tua. Dalili hiyo kwa kawaida ni upungufu wa umeme kwa kipokezi, kile kifaa kinachopokea amri za rimoti: sevo zote zikifanya kazi kwa pamoja huvuta mkondo mkubwa, volti hushuka, kipokezi hujizima na kujiwasha upya. Kagua saketi inayoshusha volti kwa ajili ya sevo, iwe ndani ya ESC au nje yake, na kila plagi ya njia hiyo. Kagua pia antena za kipokezi, kwa sababu fremu ya kaboni huzuia mawimbi. Antena mbili zikae kwa pembe ya mraba, ncha zake zikiwa nje ya fremu. Katika helikopta zinazoendesha mkia kwa mkanda, umeme tuli unaweza pia kuvuruga vifaa, ingawa kwa unyevu wetu wa Tanga hilo halitusumbui kama linavyoweza kumsumbua mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi.

12. Ikiwa ardhini huanza kucheza kabla ya kunyanyuka. Nisubiri itulie?

Usisubiri, kata mota mara moja. Raba za ndani ya kitovu zikichoka au bolti za mapanga zikilegea, mtikisiko hujilisha wenyewe, na sekunde tatu zinatosha mapanga kukata bomba la mkia. Mtetemo wa kawaida angani ni jambo jingine: tafuta panga lisilo na uzito sawa na mwenzake, shafti iliyopinda, au mapanga yasiyopita njia moja. Hilo la mwisho huonekana ukiweka utepe wa rangi kwenye ncha ya panga moja na kumwomba mwenzako atazame kwa usawa wa macho, akiwa mbali.

13. Panga linaweza kuchomoka lenyewe?

Linaweza, na lilishanichomoka. Nilikuwa nimeangusha 450 kwa kosa dogo, nikaifungua mezani, nikaiviringisha juu ya kioo ile shafti nyembamba inayopita kitovuni na kubeba mapanga yote mawili. Iliyumba kidogo tu; mwanga ulipita chini yake katikati, ukafifia, ukapita tena. Vipuri vilikuwa bado safarini, nami nilikuwa na hamu. Nikainyoosha kwa kuigonga juu ya ubao, nikaiviringisha tena, ikaonekana sawa. Katika mruko wa tano ukasikika mlio mmoja kama wa kuni kavu, kishikio kizima na panga lake kikapita juu ya mikonge, na kilichobaki kikajipigapiga chini mpaka hakukuwa na kitu cha kupiga. Shafti ilikuwa imekatika pale ilipopinda.

Njia ya pili ya kufika huko ni kupachika vibaya beringi ya msukumo iliyomo ndani ya kishikio. Ina vikomeo viwili vinavyofanana, lakini tundu la kimoja ni pana kidogo. Chenye tundu pana kikae upande wa kitovu, na chenye tundu dogo kikae upande wa nje, kwenye bolti. Ukivigeuza, beringi husagika badala ya kuzunguka, na zile kilo 60 za swali la 1 hupata njia.

## Baada ya kuanguka

14. Nikishaangusha, nianze na nini?

Kata mota kwa swichi, hakikisha hakuna kinachozunguka, kisha chomoa betri. Sevo zinazoendelea kusukuma sahani iliyokwama huungua baada ya dakika chache.

Halafu usiokote kitu. Piga picha kila kipande kilipolala. Panga lililotoka likiwa zima na kulala mbali lilitoka hewani. Lililovunjika vipande karibu na mwili lilivunjwa na ardhi. Kijiti kilichochomoka kwenye kigololi bila alama yoyote ya kupinda hutiliwa shaka kuliko kilichopinda. Gia kuu iliyonyolewa meno machache mahali pamoja ilikwama wakati wa kuanguka, na iliyonyolewa mzunguko mzima iliharibika mota ikiwa bado inasukuma. Kumbuka pia sauti: mota iliyopandisha mlio ghafla kabla ya kuanguka imepoteza mzigo, yaani kuna kitu kati yake na mapanga kilichoachia. Usipopata hata moja kati ya dalili hizi, rudi kwenye swali la 3 kwa unyenyekevu.

15. Betri imebonyea lakini inaonyesha volti kamili. Itumike?

Isitumike wala isichajiwe. Betri ya lipo (lithiamu-polima) iliyobonyea au kuvimba inaweza kushika moto muda mrefu baada ya ajali, hivyo iweke mchangani, mbali na gari na nyasi kavu, na usiibebe kwenye bajaji hiyo hiyo uliyojia. Tulishaona moja ikianza kutoa moshi wakati watu wamekwisha kukaa kunywa madafu.

16. Ni vipuri gani vibadilishwe hata kama vinaonekana vizima?

Shafti ya kitovuni daima, kwa sababu zilizosimuliwa katika swali la 13. Mapanga ya kaboni yenye ufa wowote, hata wa unywele. Ufa haugundishwi kwa epoksi. Shafti kuu huviringishwa juu ya kioo kabla ya kuhukumiwa. Sevo zizungushe kwa mkono polepole, na ukihisi mruko ndani yake, badilisha gia zake. Anayeagiza vipuri kutoka nje afanye kama anavyofanya mwenye jahazi: shafti za kitovuni mbili, jozi ya mapanga, gia kuu, na bomba la mkia viwepo nyumbani kabla havijahitajika.

17. Fundi wa kukereza vyuma pale Ngamiani anaweza kunitengenezea shafti?

Umbo atalitoa vizuri kuliko unavyodhani. Tatizo ni chuma chenyewe: shafti ya kiwandani ni ya chuma kilichokomazwa, na ile ya kukerezwa kutoka chuma laini hupinda mara ya kwanza. Kwa shafti ya kitovuni, kataa kabisa. Kwa nguzo za kushikilia bomba la mkia, miguu ya kutulia na vibano vya betri, nenda kwake bila wasiwasi. Miguu ya helikopta yangu ya 600 imetoka huko na imezidi ile ya kiwandani.

## Maswali ya pembeni

18. Watoto hukusanyika tukianza kuruka. Umbali gani unatosha?

Sisi humweka rubani mita kumi kutoka helikopta inaponyanyuka, na watazamaji wote nyuma yake, mbali zaidi. Hakuna anayepita mbele. Mwezi Septemba 2013 kijana wa miaka 19 aliyekuwa mzoefu alifariki Brooklyn, New York, alipopigwa na helikopta yake mwenyewe. Hatulisemi hili kutisha watu, tunalisema kwa anayedhani uzoefu ni ngao.

19. Ninahitaji kibali?

Vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na masharti yaulizwe kwao moja kwa moja. Ukiwa Tanga kumbuka kuwa uwanja wa ndege uko karibu na makazi.

20. Imetua ndani ya mkonge. Mbona sasa mkia ni mzito?

Fungua kasha la gia ya mkia. Nyuzi za katani hujiviringisha kwenye shafti yake hadi ndani ya beringi, na kwa nje hakionekani kitu. Zikate kwa wembe, usizivute, kwa sababu ukizivuta hutoka na kizibo cha beringi.

21. Imeangukia baharini. Kuna kinachookoka?

Ikiwezekana kuitoa haraka, ndiyo. Chomoa betri kwanza na kuiweka peke yake mahali pa wazi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kati ya ncha zake. Chombo chote kilichobaki kitumbukize kwenye ndoo ya maji baridi ya bomba, pamoja na vifaa vya umeme, na ubadilishe maji mara mbili au tatu. Maji ya bomba hayadhuru kama inavyodhuru chumvi ikikaukia ndani. Kisha suuza saketi kwa spiriti na uache zikauke siku kadhaa kivulini. Fremu, vishikio na bomba la mkia vitarudi kazini. Beringi zote zinatupwa, na kipokezi, hata kikiwaka, tunakihamishia kwenye mashua ya kuchezea.